"By" ya Kiingereza: neno dogo lenye kazi nyingi

Katika darasa la jioni ninalofundisha Kaloleni, jijini Arusha, wanafunzi wangu wengi ni waongoza watalii, madereva na wapishi wa mlimani ambao Kiingereza wanacho, ila wamekichukua njiani, kipande hapa na kipande pale. Juma lililopita niliwaandikia ubaoni sentensi moja: "The tents will be pitched by the porters by four by the river." Niliwaomba waitafsiri bila kutazama simu. Waliofika mwisho walipata kitu kama hiki: "Mahema yatasimamishwa na wapagazi ifikapo saa kumi jioni kando ya mto." Kisha kijana aliyeketi nyuma akauliza swali nililokuwa nikilisubiri: "Sasa mwalimu, hiyo 'by' yenyewe maana yake ni nini, maana umeiandika mara tatu na sisi tumejibu maneno matatu?"

Swali hilo halijibiki kwa kufungua kamusi, kwa sababu kamusi itampa mwanafunzi orodha ya maneno kumi na kumwacha achague mwenyewe. Njia iliyo nzuri zaidi, kwa maoni yangu, ni kuanzia mahali neno lenyewe lilipoanzia, kisha kulifuata linavyotanuka. Katika Kiingereza cha kale neno hili lilitaja ukaribu wa mahali: kando ya, karibu na, ubavuni mwa. Ndugu yake wa Kijerumani, "bei", bado ana maana hiyo hadi leo, na asichanganywe na bei yetu ya sokoni. Umbo lake lililodhoofika limejificha mwanzoni mwa maneno ambayo kila mwanafunzi wa darasa la tano anayajua: "before", "behind", "below", "beside" na "between", yote yakitaja mahali kitu kilipo kikilinganishwa na kingine. Hata "because" ni "by cause" iliyoshikanishwa, yaani kwa sababu, jambo ambalo Kiswahili hulisema kwa muundo uleule.

Kwa hiyo katika sentensi ya mahema, "by" ya mwisho, ile ya mto, ndiyo mzee wa nyumba. Mbili nyingine ni watoto waliozaliwa baadaye: mmoja ameelekea kwa mtendaji, mwingine kwa wakati.

Tumtazame kwanza aliyeelekea kwa mtendaji, kwa kuwa ndiye anayekutana na Kiswahili kwa namna ya kuvutia. Katika kauli ya kutendwa, Kiswahili humtaja mtendaji kwa "na": mahema yalisimamishwa na wapagazi, barua iliandikwa na katibu. "Na" hiyohiyo ndiyo inayounganisha, kama katika "mimi na wewe", na ndiyo inayotaja kuandamana, kama katika "nilikwenda na dereva". Kiswahili, basi, kilimwona mtendaji kuwa ni yule aliyekuwa pamoja na tendo. Kiingereza kilimwona kuwa ni yule aliyesimama kando yake. Lugha mbili zisizo na ukoo wowote zilipotafuta neno la kumtajia mhusika, kila moja ilichukua neno la ukaribu.

Kiingereza chenyewe hakikufika hapo moja kwa moja. Katika Biblia ya Kiingereza iliyochapishwa mwaka 1611 kwa agizo la Mfalme James, Mathayo sura ya 4 inasema kwamba Yesu alipandishwa nyikani "of the Spirit" ili ajaribiwe "of the devil". Msomaji wa leo angetarajia "by" katika nafasi zote mbili, lakini wakati huo "of" ilikuwa bado ikiifanya kazi hiyo pamoja nayo. Biblia ya Kiswahili inasema tu "na Roho" na "na Ibilisi", na hakuna msomaji anayesita.

Hata hivyo kila lugha imelipia chaguo lake. Ukisema kwa Kiswahili "Alionekana na mama yake sokoni Kilombero", msikilizaji hajui kama mama ndiye aliyemwona, au kama watu wengine waliwaona wawili hao wakiwa pamoja. Kiingereza hakina tatizo hilo, maana kitatumia "by" kwa maana ya kwanza na "with" kwa maana ya pili. Lakini nacho kina tatizo lake. Sentensi "The guests were seated by the driver" inaweza kumaanisha kwamba dereva ndiye aliyewaketisha wageni, au kwamba wageni waliketi kando ya dereva, na hapo Kiswahili ndicho kinachokulazimisha useme unachokusudia. Mfasiri asiyeliona hilo atachagua maana moja bila kujua kwamba amechagua.

Jambo la tatu katika eneo hili ni chombo. Wanafunzi hufundishwa kwamba "by" ni mtendaji na "with" ni kifaa, na kanuni hiyo inatosha kwa mtihani. Katika maisha inahitaji uangalifu zaidi, na bahati nzuri Kiswahili kinatupa kipimo kizuri. Fikiria mtu anaandika taarifa ya ajali ya mlimani. Akiandika "mpagazi alipigwa na jiwe", tunaelewa kwamba jiwe lilibiringika lenyewe na hakuna wa kulaumiwa. Akiandika "alipigwa kwa jiwe", papo hapo kuna mtu aliyelishika jiwe hilo. Na akiandika "alipigwa jiwe", bila kihusishi chochote, sikio la Mswahili nalo linaanza kumtafuta aliyelirusha. Kiingereza hutenganisha hali mbili za kwanza kwa namna hiyohiyo: "hit by a stone" inaweza kuwa ajali tupu, ilhali "hit with a stone" tayari ina mtuhumiwa. Mwongoza watalii anayeandika taarifa kwa kampuni yake, na baadaye pengine kwa polisi, hana budi kujua kwamba kihusishi kimoja kinaweza kuleta askari kambini.

Ni lazima niongeze kwamba "by" ya mtendaji hukaa peke yake kwenye majalada ya vitabu na chini ya picha, ikifuatwa na jina la mtu. Wengi huihamisha hivyo hivyo na kuandika "na" kisha jina. Matokeo yake ni kichwa kama "Mapenzi na Juma", ambacho kwa Mswahili ni hadithi ya mambo mawili, mapenzi kwa upande mmoja na Juma kwa upande mwingine. "Na" yetu haiwezi kusimama kama mtendaji pasipo kitenzi cha kuishikilia. Hapo ni lazima uandike "kimeandikwa na" au "mtunzi".

Sasa tuje kwenye wakati, mahali ambapo nimeona watu wakipoteza kazi, nikiwamo mimi mwenyewe. Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa naanza shughuli za tafsiri hapa Arusha, nilimwandikia mteja mmoja kwamba "I will finish the work until Friday." Nilichokuwa nacho kichwani ni sentensi safi ya Kiswahili: nitamaliza kazi mpaka Ijumaa. Mteja hakuelewa kama nitaikabidhi Ijumaa au nitaendelea kuifanya hadi Ijumaa, na badala ya kuuliza akampa kazi mtu mwingine, ambaye bila shaka alijua kuandika "by Friday".

Kiini cha kosa langu ni neno "mpaka", pamoja na pacha wake "hadi". Kiswahili cha kila siku hulitumia kwa mambo mawili ambayo Kiingereza huyatenga kabisa. Tunasema "Nitakaa hapa mpaka Ijumaa", tukiwa na maana ya hali inayoendelea bila kukatika na kukoma siku hiyo. Hiyo ni "until". Tunasema pia "Mpaka Ijumaa uwe umeshalipa", tukiwa na maana ya tendo la mara moja linaloweza kutokea Jumatatu au Jumatano, alimradi Ijumaa isipite. Hiyo ndiyo "by". Kipimo ninachowapa wanafunzi ni kujiuliza kama jambo lenyewe ni uzi au ni fundo. Kukaa, kungoja, kulala na kufanya kazi ni uzi unaovutwa hadi mahali fulani, kwa hiyo vinachukua "until". Kufika, kulipa, kuwasilisha na kumaliza ni fundo linalofungwa mahali popote kabla ya mpaka, kwa hiyo vinachukua "by". Ukikanusha, fundo hugeuka kuwa uzi: "Sitaondoka mpaka Ijumaa" ni "I will not leave until Friday", kwa kuwa kutokuondoka ni hali inayoendelea.

Kiswahili pia kina njia yake safi ya kuieleza "by" ya wakati, nayo haimo katika vihusishi bali katika kitenzi. "By Friday I will have left" ni "Kufikia Ijumaa nitakuwa nimeshaondoka", na ile "-mesha-" ndiyo inayobeba mzigo. Mara nyingine haihitaji hata neno "kufikia": anayesema "She should be in Moshi by now" anasema kile tunachokisema sisi kwa "Saa hizi atakuwa ameshafika Moshi". Ninawashauri wanafunzi kwamba wakiikuta "-mesha-" ikiwa jirani na tarehe au saa, wafikirie "by" kwanza kabla ya kitu kingine chochote.

Swali linalofuata huulizwa na watu wa mikataba zaidi kuliko watu wa mlimani: je, Ijumaa yenyewe imo au haimo? Kwa matumizi ya kawaida ya Kiingereza imo. Anayeleta taarifa Ijumaa mchana ameitii "by Friday". Lakini wafasiri wengi huandika "kabla ya Ijumaa", na "kabla" katika Kiswahili huiacha Ijumaa nje. Chukua hati inayodai malipo "by 30 June", tarehe ambayo mwaka wa fedha wa Serikali ya Tanzania unafungwa. Ukiitafsiri "kabla ya tarehe 30 Juni", umemnyang'anya mlipaji siku nzima, tena siku ambayo watu wengi ndipo hukumbuka kulipa. "Kufikia tarehe 30 Juni", "ifikapo tarehe 30 Juni" au "si zaidi ya tarehe 30 Juni" zote ni salama zaidi. Wanasheria wanaoandika Kiingereza chenyewe huikwepa "by" kwa kusema "on or before", na tafsiri yake ni nyepesi: tarehe hiyo au kabla yake. Katika mji kama Arusha hili si jambo la kinadharia. Mkataba wa kuanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki uliotiwa saini hapa mwaka 1999 uliifanya lugha ya Kiingereza kuwa lugha rasmi ya Jumuiya, huku Kiswahili kikitakiwa kuendelezwa kiwe lugha ya mawasiliano ya watu wake, na tangu hapo makaratasi yenye tarehe za mwisho yanavuka kutoka lugha moja kwenda nyingine kila siku.

Juu ya haya yote ongeza saa zetu. Mgeni anayeandika "Be at the hotel by six" anataka gari liwepo saa kumi na mbili, na anataka liwepo mapema kidogo kuliko kuchelewa. Dereva anayesoma "six" kama saa sita amekosea saa, na anayesoma "by" kama "saa kumi na mbili kamili" amekosea kihusishi. Kosa la kwanza hutokea kwa wageni wa kazi tu. La pili nimeliona hata kwa wazoefu.

Matumizi ya kipimo na njia hayatasumbua sana, kwa sababu karibu yote huangukia "kwa", na Mswahili anayapata bila jasho. Viazi huuzwa kwa gunia, kwa debe au kwa sado, ile ndoo ndogo iliyorithi jina la kampuni ya rangi; Kiingereza kingesema "by the sack" au "by the bucket", kikidai kiungo "the" ambacho wanafunzi hukisahau. Fundi seremala wa Unga Limited anaagiza mbao za mbili kwa nne, na Mwingereza anaziita "two by four". Hapa Kiswahili kina ustadi wake: vipimo vya pande mbili ni "kwa", ila hesabu ya kuzidisha ni "mara", kwa hiyo mbili kwa nne ni ubao, na mbili mara nne ni nane. Tunasafiri kwa basi na kutuma kwa barua pepe, tunaapa kwa jina la Mungu, tunateremka mlima kwa njia ya Mweka. Jihadhari tu na jambo moja: "by" ya usafiri haipendi chombo chenye mwenyewe. "By car" ni sawa, lakini "by my car" si sawa. Hapo Kiingereza hurudi kwenye "in".

Kuna tofauti moja ya kipimo inayostahili kusimamiwa kidogo, nayo ni ile ya "by" na "to". Nauli iliyopanda "by 200 shillings" imeongezeka kwa shilingi 200 juu ya ile ya zamani, na iliyopanda "to 200 shillings" imefika shilingi 200 tu. Kiswahili kinatenganisha vilevile, "kwa" na "hadi", lakini anayeandika kwa haraka huandika "imepanda shilingi 200" na kumwachia msomaji kazi. Michezoni hata "kwa" yetu hulegea. "Tulishinda kwa mabao mawili" inaweza kuwa mbili bila, au tatu kwa moja, maana wengine husikia idadi ya mabao na wengine husikia tofauti. "We won by two goals" ni tofauti peke yake, hata kama mechi iliisha saba kwa tano.

Pale Kiingereza kinaporudia neno na kuweka "by" katikati, Kiswahili mara nyingi hurudia neno na kutoweka kitu. "One by one" ni mmoja mmoja, "little by little" ni kidogo kidogo, ingawa "step by step" ni hatua kwa hatua na "day by day" ni siku baada ya siku. Sina kanuni ya kutoa hapa; ni mazoea ya sikio.

Imebaki "by" inaposimama kama kielezi, haina jina nyuma yake la kulitegemea, na hapa ule ukale wa "kando" unarudi waziwazi. "The lorries went by" ni malori yalipita, yaani yalipita kando yetu bila kusimama. Barabara ya baipasi iliyojengwa kuyaepusha magari na katikati ya jiji la Arusha imebeba neno hilo ndani ya jina lake: inapita kando. Molasi inayobaki viwanda vya miwa vinapotengeneza sukari, kama kile cha TPC kusini mwa Moshi, ni "by-product", kitu kilichotoka ubavuni wakati lengo lilikuwa kingine. Uchaguzi mdogo ni "by-election". Sheria ndogo za halmashauri ni "by-laws", na inaonekana kwamba neno hili tu ndilo mgeni katika ukoo huu: silabi yake ya kwanza wataalamu huihusisha na neno la watu wa Skandinavia lenye maana ya mji au kijiji, lilelile linaloishia majina ya miji ya Uingereza kama Derby na Whitby. Kwa hiyo sheria ndogo kwa asili zilikuwa sheria za mji, na tukizitazama zinavyotumika sokoni kwetu, asili hiyo haijapotea.

Kwa vitenzi, Kiswahili hakina haja ya kielezi hiki, maana kina kiambishi cha kutendea. Mwingereza anasema "I'll come by for you at six". Sisi tunasema "Nitakupitia saa kumi na mbili", na kila kitu kimo ndani ya "pitia". Nani angependa kihusishi zaidi ya hapo?

Misemo mingine imehama mbali na mahali ilipozaliwa. "By and large", yenye maana ya kwa jumla, ni lugha ya mabaharia wa matanga, ikihusu chombo kinachokwenda vizuri kikiwa karibu na upepo na hata kikiwa na upepo wa nyuma. "By and by" leo ni baadaye, baada ya muda. Lakini katika ile Biblia ya 1611 binti wa Herodia anapotaka kichwa cha Yohana Mbatizaji "by and by", anakitaka papo hapo. Neno la haraka liligeuka kuwa neno la kuchelewa. Anayeona ajabu na afikirie "sasa hivi" ya fundi aliyeahidi kuleta kabati.

Nilimaliza darasa kwa "stand by", ambayo wanafunzi walidhani wanaijua kwa kuwa sote tunasema "kaa stendibai", yaani kaa tayari. Niliwaandikia sentensi mbili: "She stood by me when I was arrested" na "She stood by when I was arrested." Katika ya kwanza mwanamke yule alisimama upande wangu asiniache, katika ya pili alisimama kando akitazama, asifanye lolote. Tofauti iliyopo ni "me" moja. Yule kijana wa nyuma alizitazama sentensi hizo kwa muda, kisha akasema kwamba mwezi uliopita alimwandikia mgeni wake barua ya kumshukuru kwa kumsaidia alipougua kambini, na sasa anataka kwenda kuangalia kama ile "me" aliiweka.